Usaili wa Bwana Chupa

Wanafunzi walimwita Bwana Chupa, na jina lilikuwa limemganda kiasi kwamba hata walimu wapya walilitumia wakidhani ndilo alilopewa na wazazi wake. Alikuwa mhudumu wa maabara katika shule ya sekondari ya wasichana. Yeye ndiye aliyepima dawa, akachanganya, akabandika lebo, akapanga vifaa mezani kabla ya kipindi, na kipindi kikiisha akakusanya kila kitu na kwenda kukiosha. Mikono yake ilikuwa na madoa ya kahawia yasiyotoka kwa sabuni yoyote. Alikuwa na miaka arobaini na mitatu, mke mmoja ambaye ni msusi, na watoto wawili waliokwisha kuanza maisha yao.

Alianza pale shuleni kama mfagiaji. Baadaye mkuu wa shule wa wakati ule, alipoona kijana huyu anafagia maabara huku akisoma kilichoandikwa ubaoni, alimhamishia ndani. Miaka ikaenda. Bwana Chupa akawa anasoma jioni, akafanya mtihani wa kidato cha sita akiwa mtahiniwa wa kujitegemea, akafeli, akarudia, akafaulu. Halafu akasikia kwamba chuo kikuu kinapokea watu wazima waliopitia njia ndefu kama yake: unafanya mtihani wa kuandika, ukipita unaitwa kwenye usaili. Akajaza fomu bila kumwambia mtu. Mtihani wa kuandika akaupita. Barua ya kuitwa kwenye usaili ilipofika, mkewe ndiye aliyeifungua, kwa sababu alidhani ni bili ya umeme.

"Baba watoto," alisema mkewe akiwa ameshika barua kwa ncha za vidole, maana mikono ilikuwa na mafuta ya nywele, "wewe unaenda kusomea ualimu?"

"Wamesema usaili tu. Bado sijaenda popote."

"Na mimi nilikuwa naambiwa lini?"

"Nikishafeli," alijibu, na mkewe akacheka mpaka akakaa chini.

Walikuwa na wiki tatu. Siku iliyofuata Bwana Chupa alimfuata mwalimu wa kemia, akasimama mlangoni kama alivyozoea, akamsubiri amalize kusahihisha. Huyu mwalimu alikuwa na miaka ishirini na saba, na alisoma shule ileile kabla ya kurudi kufundisha. Mwembamba, mwenye sauti ya kusikika mpaka uani, asiyependa kuzungushwa. Bwana Chupa alimkumbuka akiwa na sare na soksi zilizomshuka. Sasa alimwita Mwalimu, naye alimwita Mzee Chupa, kwa heshima na kwa utani kwa pamoja.

Alipoiona barua, mwalimu alipiga meza kwa kofi. "Mzee Chupa! Kumbe ulikuwa unatuchora tu! Kaa chini. Tunaanza leo."

Wakaanza leo kweli. Kila siku baada ya kipindi cha mwisho walikaa kwenye meza ya mbele ya maabara, mwalimu upande huu, Bwana Chupa upande ule, akiwa amevua koti lake la kazi kwa amri ya mwalimu.

Tatizo la kwanza lilijitokeza dakika ile ile. Bwana Chupa hakuweza kukaa. Kila mwalimu alipomuuliza kitu, alinyanyuka.

"Kaa, Mzee Chupa."

"Nimekaa."

"Umesimama."

Akajitazama, akakaa. Tatizo la pili lilikuwa gumu zaidi. Alikuwa hajui kusema "mimi".

"Tuambie kazi unayofanya."

"Tunaandaa vifaa, tunachanganya dawa, tunahakikisha usalama..."

"Nani?"

"Sisi wa maabara."

"Mko wangapi maabara?"

Bwana Chupa alifikiri kidogo. "Niko peke yangu."

"Basi sema hivyo! Unaandaa wewe. Unachanganya wewe. Ukiwaambia 'tunaandaa' watadhani una wasaidizi sita na wewe unashika funguo."

Ilichukua siku nne kabla hajaweza kusema "mimi nachanganya" bila kuinamisha kichwa. Jioni alikuwa akirudi nyumbani kupitia saluni ya mkewe, na huko nako akakuta usaili mwingine unamsubiri. Mkewe alikuwa ametangaza habari kwa wateja wote. Saluni ilikuwa chumba kimoja chenye viti vitatu, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na mashine moja ya kukaushia nywele iliyovuma kama jenereta. Wateja wakajiteua kuwa jopo.

"Kwa nini unataka kusoma uzeeni?" aliuliza mmoja aliyekuwa anasukwa.

"Uzeeni nani? Ana miaka arobaini na mitatu," mkewe alidakia.

"Ndiyo nauliza. Watamuuliza hivyohivyo, tena bila huruma."

Mwingine, karani wa benki, alijua mambo ya usaili kuliko wote, kwa kuwa alishaufanya mara saba. "Lazima watakuuliza udhaifu wako. Usiwape udhaifu wa kweli, utajimaliza. Sema hivi: udhaifu wangu ni kwamba napenda kazi kupita kiasi."

"Uongo," alisema mkewe. "Udhaifu wake anakoroma."

Yule aliyekuwa chini ya mashine hakusikia lolote, akapaza sauti: "Amepata au hajapata?"

Bwana Chupa alicheka nao. Lakini lile la udhaifu alilibeba kichwani, na kesho yake akamuuliza mwalimu.

"Ni kweli wanauliza," mwalimu alisema. "Mimi waliniuliza. Si udhaifu hasa, waliuliza kosa. Tuambie kosa ulilowahi kufanya na ulichojifunza. Na mimi nilikuwa na la kwangu tayari." Akakunja mkono wa blauzi. Kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundoni kwenda juu, kulikuwa na kovu refu, laini, lenye rangi ya waridi iliyofifia. "Hili. Si unalikumbuka? Wewe ndiye uliyenikimbizia ndoo."

Bwana Chupa alilikumbuka.

"Niliwaambia hivi," mwalimu aliendelea, akiwa na sauti nyepesi ya mtu aliyeisimulia hadithi mara nyingi. "Nikiwa kidato cha pili, kwenye jaribio, nilikwenda kuchukua tindikali kwenye chupa ya mwalimu, ile kali, badala ya ile hafifu iliyokuwa mezani kwetu. Sikusoma lebo. Ikanimwagikia. Tangu siku hiyo nasoma lebo mara mbili, hata ya maji ya kunywa. Wakanipenda papo hapo. Ajabu ni kwamba mimi mwenyewe siikumbuki hiyo chupa ya mwalimu. Kichwani mwangu naona nimechukua ya mezani kwetu. Lakini watu wazima watatu walinihakikishia sivyo, na wewe unajua mtoto akishtuka anavyochanganya mambo."

Alishusha mkono wa blauzi. "Sasa zamu yako. Taja kosa."

Bwana Chupa alinyanyuka. Safari hii mwalimu hakumwambia akae, kwa sababu aliona uso wake.

"Mwalimu, leo tuishie hapa," alisema, akachukua koti lake akatoka.

Ukweli aliokuwa nao Bwana Chupa ulikuwa na miaka kumi na miwili. Wakati ule kazi ya maabara alikuwa nayo miezi minne tu. Siku ile asubuhi alimimina tindikali kali kwenye chupa ndogo, akakusudia kuipunguza nguvu kwa kuitia kwenye maji kidogo kidogo kama alivyofundishwa. Lebo ya "hafifu" alikuwa ameshaibandika kabisa, ili asisahau. Kabla hajaipunguza, akaitwa kubeba viti vya mkutano wa wazazi. Alipomaliza viti, kengele ilikuwa imelia, wasichana wameshaingia, akazipanga chupa mezani akiamini kazi ameshaifanya. Nusu saa baadaye msichana mmoja alipiga yowe. Bomba la maabara lilikuwa kavu siku hiyo, ikabidi akimbie mpaka jikoni kuleta ndoo ya maji.

Jioni, akiwa peke yake, alipima kilichobaki kwenye chupa ile akajua. Mkuu wa shule alikuwa ameshamuuliza swali moja tu: "Lebo ya chupa ya wanafunzi ilisemaje?" Naye alikuwa ameshajibu: "Ilisema hafifu." Ambacho ni kweli. Mwalimu wa kemia wa zamani akahitimisha kwamba msichana alichukua chupa isiyo yake, ikaandikwa kwenye kitabu cha nidhamu. Wiki mbili baadaye, mkono ukiwa bado na bandeji, msichana alisimamishwa mstarini mbele ya shule nzima akasoma barua ya kuomba radhi kwa uzembe. Bwana Chupa alikuwa amesimama kwenye mlango wa maabara, ameshika ufagio ambao hakuwa akiutumia.

Alijiambia atasema kesho. Kisha akajiambia atasema mtoto akipona. Alipona. Kisha mkuu wa shule yule akastaafu, msichana akamaliza shule, na jambo likawa limefunikwa na vumbi. Aliporudi akiwa mwalimu, Bwana Chupa aliona aibu siku ya kwanza, ya pili ikapungua, na kufikia muhula wa pili wakawa marafiki. Alikuwa akidhani amesamehewa kitu ambacho hakuwahi kukiungama. Hakujua kwamba binti wa watu amekibeba yeye, tena amekibeba mpaka chuo kikuu na kukisimulia kama fundisho.

Usiku wa siku aliyoonyeshwa kovu aliacha chakula mezani. Asubuhi, mkewe akiwa anafungua saluni, alimweleza yote akiwa amesimama kando ya vile viti vitatu.

"Usaili lini vile?" aliuliza mkewe.

"Jumanne ijayo."

"Na barua ya mkuu wa shule ya kukupendekeza?"

"Bado hajaitia sahihi."

Mkewe alipangusa kioo ambacho kilikuwa safi. "Ukimwambia, unaweza kupoteza vyote. Usipomwambia, utakaa naye meza moja kila siku akikufundisha kusema 'mimi'." Akatupa kitambaa kwenye beseni. "Mimi sikutumi. Ila najua tumbo lako. Hujala tangu jana."

Alimwambia siku hiyohiyo, baada ya kipindi cha mwisho. Alimwambia akiwa amekaa.

"Mwalimu, ile chupa ilikuwa ya mezani kwenu. Hukukosea. Niliweka mimi. Lebo ilisema hafifu, ndani ilikuwa kali. Nilijua siku ileile jioni, na nikanyamaza. Mimi."

Mwalimu alifunika kalamu yake. Nje wasichana walikuwa wakicheza mpira wa pete, na filimbi ililia mara mbili.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Kwa hiyo nilikuwa nakumbuka vizuri," mwalimu alisema polepole, kama anayejisomea. "Nilikuwa na akili zangu. Unajua nilianza kufikiri nina kasoro? Kwamba naweza kuona kitu kwa macho yangu kumbe sicho? Nimefunga mlango wa nyumba yangu mara tatu tatu kila asubuhi kwa miaka yote hii, Mzee Chupa. Nafunga, naondoka, narudi kuhakikisha."

"Nisamehe, mwanangu."

"Usiniite mwanangu leo." Alikusanya madaftari yake, mawili yakamponyoka, hakuyaokota. "Leo siwezi. Tafadhali ondoka kwanza wewe."

Siku mbili mwalimu hakuja maabara ila kwa kipindi. Alitoa maelekezo kwa kuandika kwenye karatasi: vifaa gani, vikundi vingapi. Bwana Chupa aliandaa, na kila lebo aliisoma kwa sauti. Katika siku hizo alifanya jambo moja. Aliandika barua ya ukurasa mmoja akaipeleka kwa mkuu wa shule wa sasa, mama mwenye miwani ya kamba ambaye hakuwepo enzi zile.

Mkuu wa shule aliisoma, akavua miwani. "Unajua nina barua yako nyingine hapa mezani? Ya kukupendekeza. Nimeandika wewe ni mtu mwangalifu."

"Najua, mama."

"Hii si ungeileta Jumatano, baada ya usaili? Miaka kumi na miwili imesubiri, isingekufa kwa wiki moja."

"Nimechelewa vya kutosha, mama."

Mkuu wa shule alifungua droo, akatafuta kalamu. Aliisoma tena ile ya kupendekeza, akakata neno moja, akaandika lingine juu yake, akamwita karani aichape upya. Bwana Chupa hakuambiwa neno gani limekatwa. Ile ya kukiri akaipiga muhuri na kusema itaingia kwenye faili la mwanafunzi, pamoja na kitabu cha nidhamu cha mwaka ule, ili atakayefungua aikute. Na kwamba yeye Bwana Chupa atapewa onyo la maandishi. Alilitia sahihi onyo hilo palepale, akashukuru, jambo lililomfanya mkuu wa shule amtazame kwa mshangao.

Ijumaa mwalimu alikuja maabara wakati wa chai. Hakukaa.

"Nimeonyeshwa faili," alisema. "Asante. Bado nina hasira, sitakuficha. Lakini kuna kitu nataka."

"Chochote."

"Usiseme chochote kabla hujasikia. Mama yangu. Siku ile alinichapa, mkono ukiwa na bandeji, kwa kumtia aibu mbele ya wazazi wenzake. Mpaka leo nikivunja kikombe anasema, 'Huyu tangu shule alikuwa mzembe.' Anasema kwa utani. Nenda ukamwambie wewe, si mimi. Nikimwambia mimi atadhani najitetea."

Mama huyo alikuwa mshonaji wa mapazia. Jumamosi Bwana Chupa alimkuta kwenye chumba chake cha kazi, amezungukwa na marobota ya kitambaa, amebana pini mdomoni. Alimkaribisha kwa ishara ya mkono, akamwonyesha kigoda. Bwana Chupa alikaa, akajitambulisha, akasema alichokuja kusema. Hakuzunguka. Mazoezi ya wiki mbili yalikuwa yamemsaidia kwa jambo ambalo hayakukusudiwa.

Mama alitoa pini mdomoni moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye mto wa sindano.

"Wewe una watoto?"

"Wawili, mama."

"Ukiwachapa, huwa unauliza kwanza?"

Mama aliondoa kitambaa magotini.

"Mimi sikuuliza. Shule ilisema, nikaamini shule. Alikuwa ananiambia, 'Mama, ya mezani, ya mezani.' Nikamwambia anaongeza uongo juu ya uzembe." Alisimama, akaenda dirishani ambako hakukuwa na cha kutazama ila ukuta wa jirani. "Ungekuja wakati ule ningekuvunja hicho kigoda kichwani."

"Ungekuwa na haki."

"Haki ninayo hata leo. Ila mgongo unauma."

Alichukua simu yake mezani, akaishika mbali na macho kutafuta namba, akapiga. Bwana Chupa alinyanyuka atoke, mama akamzuia kwa kidole.

"Mwanangu," alisema kwenye simu. "Yupo hapa. Amesema. Sikiliza. Nilikuchapa bure." Akasikiliza. "Najua. Najua nilisema. Na vile vikombe pia." Akasikiliza tena, machozi yakashuka bila yeye kuyajali. "Basi njoo ule chakula cha mchana. Hapana, yeye hali hapa. Anaondoka."

Bwana Chupa akaondoka.

Jumatatu, baada ya kipindi cha mwisho, mwalimu aliingia maabara, akavuta kiti, akakaa upande wake wa meza. Macho yalikuwa yamevimba kidogo, kama ya mtu aliyelala sana au hakulala kabisa.

"Kesho ndiyo kesho," alisema. "Vua koti."

"Mwalimu, si lazima..."

"Vua koti, Mzee Chupa. Sijasema nimemaliza hasira. Nimesema vua koti. Kwa nini mtu akichanganya tindikali na maji anatia tindikali kwenye maji, si maji kwenye tindikali?"

Walifanya maswali mpaka mlinzi alipokuja kufunga geti. Kuhusu swali la kosa hawakusema kitu. Akiwa anatoka, Bwana Chupa aliuliza, bila kumtazama, ajibu nini wakimuuliza hilo.

"Jibu unalotaka," mwalimu alisema. "Mimi langu limeshapotea. Itabidi nitafute lingine."

Jumanne asubuhi mkewe alimnyoa ndevu mwenyewe, kwa kuwa hakumwamini na wembe siku kama hiyo. Shati jeupe, suruali nyeusi, viatu vilivyopigwa rangi mpaka vikang'aa. Chuoni alikuta foleni ya viti kwenye korido ndefu, na watu kama ishirini wamekaa, kila mtu akisoma karatasi zake kwa midomo inayotikisika. Kulikuwa na nesi, polisi aliyevaa kiraia lakini akakaa kipolisi, mama mmoja aliyekuja na mtoto mchanga mgongoni. Bwana Chupa hakuwa na karatasi. Alihesabu vigae vya sakafu, kisha akaitwa.

Jopo lilikuwa la watu watatu: mzee mwenye upara aliyekuwa mwenyekiti, mama mnene mwenye kalamu nyekundu, na kijana wa kiume ambaye angeweza kuwa mwanawe. Alisalimia. Akaambiwa akae. Akakaa, akabaki amekaa.

Wakamuuliza kazi yake. "Mimi naandaa maabara," alisema. "Nachanganya, nabandika lebo, naosha. Niko peke yangu." Wakamuuliza umri, ingawa ulikuwa mbele yao.

"Ukimaliza utakuwa na miaka arobaini na saba," alisema mwenyekiti. "Hii nafasi nikimpa mtu wa miaka ishirini, atafundisha miaka arobaini. Kwa nini nikupe wewe?"

Wateja wa saluni walikuwa wamempa majibu sita ya swali hilo. Hakukumbuka hata moja.

"Sina hoja ya kumshinda kwa miaka," alisema. "Yeye atafundisha mingi kuliko mimi, hilo ni hesabu. Mimi naweza kusema tu kwamba nimekaa nyuma ya darasa miaka kumi na miwili, nimewaona walimu wengi wakifundisha jambo lilelile, na najua ni wapi watoto wanapotea. Huwa nawaona nyuso. Mwalimu anaangalia ubao, mimi naangalia nyuso."

Mama mwenye kalamu nyekundu aliandika kitu. Kijana akamuuliza kuhusu tindikali na maji, kwa nini iwe hivyo na si vinginevyo. Alieleza joto linavyotoka, maji yanavyochemka ghafla juu ya tindikali na kuruka, na kwa mara ya kwanza mikono yake ilitoka chini ya meza na kuanza kuchora hewani. Alikwama kwenye neno moja la kitaalamu. Akasema hajui jina lake, ila anajua linavyofanya kazi, akaeleza. Kijana akamtajia jina. Bwana Chupa akaomba amtajie tena, polepole.

Swali la kosa hawakuuliza. Hawakuuliza la udhaifu pia. Mwenyekiti alitazama saa, akasema kwa desturi, "Una swali lolote kwetu?"

Karani wa benki alikuwa amemwonya asiseme "sina" hata kidogo. Na Bwana Chupa kweli alikuwa nalo.

"Maabara ya mwaka wa kwanza," alisema, "bomba la kunawia dharura linatoa maji?"

Watatu wakatazamana. Mwenyekiti alimgeukia mama, mama akamgeukia kijana.

"Lipo," kijana alisema.

"Lipo, nimeelewa. Linatoa maji?"

"Sijui," kijana alikiri.

"Basi naomba, hata nisipopata nafasi, mtu alifungue leo aone."

Alitoka akiwa na hakika ameharibu. Nyumbani alimwambia mkewe kwamba alimuuliza profesa habari za bomba, na mkewe akashika kichwa, kisha akawahadithia wateja, na kwa siku tatu saluni nzima ikawa haina mazungumzo mengine. Wengine walisema amejimaliza. Yule wa mashine ya kukaushia, akiwa ameitoa kichwani safari hii, alisema hata yeye angependa mwalimu wa aina hiyo kwa watoto wake.

Majina yalibandikwa wiki tano baadaye. La Bwana Chupa halikuwa kwenye orodha ya waliochaguliwa. Lilikuwa kwenye orodha ya pili, ya akiba, namba nne. Aliliangalia, akarudi kazini, akaosha vyombo vya kidato cha tatu. Mwalimu alipouliza alisema, "Akiba," na mwalimu akasema, "Akiba si kukosa," na wote wawili wakaacha hapo, kwa sababu hawakuwa wamerudi kabisa kwenye utani wa zamani. Waliongea sasa kwa uangalifu zaidi, na kwa ukweli zaidi. Mara moja moja alimwita Mzee Chupa kama zamani. Mara nyingine alimwita kwa jina lake halisi, ambalo alilisoma kwenye ile barua ya faili.

Simu ilikuja siku ya Alhamisi, chuo kikiwa kimebakiza siku tisa kufungua. Mtu wa ofisi ya udahili, kwa sauti ya haraka, alisema wanne hawakuthibitisha nafasi zao. Je, yeye bado anaitaka? Bwana Chupa alikuwa na mikono ndani ya maji ya sabuni, simu ameibana kwa bega.

"Naitaka," alisema. Kisha, kwa kuwa aliona halijatosha, akasema tena, "Mimi naitaka."

Shule ilimpa likizo bila malipo. Mkewe aliongeza siku za kufungua saluni kutoka sita hadi saba, akasema Mungu atamwelewa. Jumatatu ya kwanza Bwana Chupa aliingia kwenye ukumbi wa mihadhara wenye viti mia mbili, akakaa safu ya tatu kati ya vijana ambao walimpisha wakimwamkia. Mhadhiri alikuwa akihangaika na mashine ya kuonyesha picha ukutani, haiwaki. Akainua kichwa, akaona mtu mzima mwenye mikono yenye madoa.

"Afadhali umekuja, fundi," alisema. "Hebu nitazamie hii."

Bwana Chupa alikwenda mbele, akachomoa waya, akaupuliza, akauchomeka tundu la pembeni. Mwanga ukapiga ukutani.

"Asante sana," mhadhiri alisema. "Unaweza kwenda."

"Hapana, mwalimu," alisema Bwana Chupa, "mimi ni mwanafunzi," akarudi safu ya tatu, akafungua daftari.